Maneno Manne na Herufi Moja

4 Machi

Shangazi yangu,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba utoke jikoni. Najua barua zangu unazisoma kwa sauti huku unakoroga sufuria, na wapishi wako wote wanajua hata siku niliyougua tumbo. Hii isome peke yako, mlango umefungwa, na neno lolote lililomo lisitoke mdomoni mwako. Hata baba usimwambie. Hapa ofisini tulikula kiapo kabla ya kupewa kalamu.

Shikamoo. Natumaini mguu wa baba unaendelea vizuri na kwamba hamgombanii redio kama zamani. Mimi ni mzima. Chumba changu ni kidogo lakini hakivuji, na fundi cherehani aliye chini yangu ni mtu wa heshima, hanipigii kelele ila anapokosea kukata kitambaa.

Sasa neno lenyewe. Baba ameniandikia kwamba umewaambia majirani eti mimi ndiye ninayepanga bei za nchi nzima. Shangazi, tafadhali. Mimi ni karani wa takwimu. Wako vijana wanaozunguka masokoni na madukani kuuliza bei, wanaleta walichokipata, sisi tunakagua, wakubwa wanakokotoa, halafu mimi naandika maelezo mafupi ya kutangazwa. Sipangi chochote. Mtu akija kukuuliza bei ya sukari itakuwaje mwezi ujao, mwambie mwanao hajui, na kwamba hata angejua haruhusiwi kusema.

Jambo moja la kukufurahisha: maelezo niliyoandika mwezi uliopita yalisomwa na waziri mwenyewe, neno kwa neno. Mkuu wa kitengo alinisifu mbele ya wenzangu na kunihamishia meza ya dirishani. Usiku ule sikupata usingizi. Nadhani ni kelele za barabarani.

Wako,
Mtoto wa kaka yako


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako chooni, maana ndiko kwenye mlango unaofungika, na hakuna aliyejua kitu isipokuwa Jemadari, ambaye alinigongea akidhani nimezimia. Unamkumbuka Jemadari, mpishi wangu mkuu. Bado anatembea na upawa kama bunduki. Anakusalimu.

Baba yako hajambo. Mguu ni uleule, mdomo umeongezeka. Siku waziri aliposoma maneno yako redioni nilimwambia, "Sikiliza, huyo ni mtoto wako anaongea kwa mdomo wa mkubwa." Akasema, "Basi mkubwa ana sauti nzito kuliko mtoto wangu." Lakini nilimwona akijifuta macho. Hilo sikukuambia.

Majirani nimewaambia basi, hupangi bei. Wameniuliza, sasa anafanya nini huko? Nikawakaribisha chai.

Haya, nina jambo. Unajua ile zabuni yangu ya kulisha shule ya bweni. Mkataba unaisha mwezi huu na bodi inataka tuandikiane mwingine wa mwaka mzima. Juzi mwenyekiti wa bodi amekuja na karatasi, amekata malipo ya kila sahani. Si kidogo. Nikamuuliza, mwenyekiti, umenionea nini? Akasema, "Mama, husikii redio? Bei zimeshuka. Serikali imetangaza. Wewe utaendelea kutulipisha bei ya mwaka jana mpaka lini?"

Mimi hapa sokoni sijaona kilichoshuka. Maharage yako palepale, mafuta yako juu. Nikasema labda soko letu ni zito kusikia, habari haijafika. Ninyi mnaona nchi nzima, mimi naona gunia lililo mbele yangu. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na usinijibu kama karani, nijibu kama mtoto niliyemlea: je, nikisaini kwa malipo haya madogo, nitapata maharage na mafuta kwa bei ya chini? Ndiyo au hapana. Nasaini tarehe tano ya mwezi ujao. Yuko mzabuni mwingine nyuma ya mlango, nikisita anaingia.

Shangazi yako


29 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kuwa nyote hamjambo. Msalimie Jemadari. Msalimie baba, umwambie nitamtafutia miwani mipya kwa sababu mwandiko wake umeanza kupanda milima. Huku kumeanza mvua, na fundi cherehani ameanika nguo za wateja ngazini mpaka mtu hupiti bila kukumbatiana na suruali ya mtu asiyemjua. Afya yangu ni nzuri.

Kuhusu swali lako. Takwimu zetu zilikaguliwa mara tatu na watu watatu tofauti, na hazina kosa. Hilo naweza kukuhakikishia. Ningependa tu ukumbuke kwamba takwimu ni wastani, na wastani si bei ya duka moja, na kwamba taarifa yoyote ya uchumi inapaswa kusomwa kwa uangalifu.

Mambo ya mkataba unayajua wewe kuliko mimi. Nakuombea kila la heri.

Wako,
Mtoto wa kaka yako


11 Juni

Mwanangu,

Hatujambo, ingawa baba yako ameanza kunyamaza, na ukimjua baba yako utajua hiyo si afya.

Nilisaini. Uliposema takwimu hazina kosa, nikamwambia Jemadari, mtoto amesema ndiyo kisomi. Hayo mengine ya uangalifu nikaona ni adabu ya ofisi, kama mtu kukuambia karibu tena.

Sasa ngoja nikusimulie. Mwezi wa kwanza nilinunua gunia kwa bei ileile, nikasema itashuka. Mwezi wa pili ikapanda kidogo. Mwezi huu imepanda tena, na mafuta usiyataje. Nilianza kwa kupunguza vibarua wawili. Kisha nikapunguza mafuta. Kisha, Mungu anisamehe, nikamwambia Jemadari apunguze upawa. Alinitazama kama nimemwambia auze nchi.

Wanafunzi nao hawana dogo. Maharage yangu wameyapa jina, wanayaita "wapweke", kwa sababu kila moja limekaa peke yake kwenye sahani na halina wa kuongea naye. Nilicheka nilipoambiwa. Nikaingia stoo nikafunga mlango, huko sikucheka.

Mwenyekiti anasema mimi ni mwizi. Hasemi kwa kificho. Anasema, bei zimeshuka, malipo tumekulipa, chakula kimekwenda wapi? Anasema naviuza vyakula kwa mlango wa nyuma. Miaka kumi na minne nimelisha watoto pale na mlango huo wa nyuma hata haufunguki, una kutu.

Jumamosi nilipigana sokoni. Ndiyo, mimi na umri wangu. Muuza nafaka mmoja alisema namba za serikali zote zimepikwa. Nikamwambia, mimi ndiye ninayejua kupika hapa, wewe unajua kuuza kilo pungufu. Mwanangu yuko huko, na hapiki. Akacheka, nikamvuta shati. Watu walituachanisha. Nilirudi nyumbani na kifungo chake mkononi.

Sikuulizi kitu. Nakupa habari tu.

Shangazi yako


13 Julai

Mwanangu,

Miwani ya baba yako imefika, imemkaa vizuri. Tuligeuza bahasha ndani nje tukitafuta barua. Baba yako akasema labda ameandika kwa wino mweupe.

Nitakuwa mfupi. Bodi inakaa tarehe thelathini mwezi ujao. Mwenyekiti anataka mkataba uvunjwe, na anataka iandikwe kwamba nimeiba chakula cha watoto. Ikiandikwa hivyo sitapika tena popote, hata msibani hawatanipa sufuria.

Jana amekuja mtu mwingine, mgombea wa upande wa pili, na gari lake lenye spika. Ameshasikia habari zangu. Anataka nipande jukwaani Jumapili ya pili ya mwezi ujao niseme kwamba takwimu za serikali ni za uongo, na mimi ni shahidi kwa sababu nimeumizwa nazo. Akishinda, anasema, kesi ya bodi itakufa yenyewe. Ana maneno matamu na viatu safi. Nikamwambia nina mtu wa kumuuliza kwanza.

Kwa hiyo nauliza, ingawa nilisema siulizi. Nipande au nisipande?

Shangazi yako


25 Julai

Shangazi,

Usipande.

Nisamehe kwa kutoanza na salamu. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara nikifika kwenye salamu najificha humo humo.

Namba si za uongo. Atakayekuambia zimepikwa hajazisoma. Ukipanda jukwaani ukasema ni uongo, utakuwa unasema usichokijua mbele ya watu, kama mimi nilivyofanya, na mwenyekiti atakuwa amepata sababu ya pili. Kilicho na kosa ni sentensi, na sentensi hiyo niliiandika mimi.

Tulichopima ni hiki. Chukua gunia lako. Tuseme mwaka juzi la mia likafika mia na ishirini. Mwaka uliofuata hilo la mia na ishirini likafika mia na ishirini na sita. Mwanzo lilipanda kwa ishirini katika kila mia, baadaye kwa tano tu katika kila mia. Kasi imeshuka, tena imeshuka sana, na kuna haki ya kulitangaza hilo. Lakini gunia lenyewe halijashuka hata senti. Limeendelea kupanda, ila kwa hatua fupi. Tena huo ni wastani wa vitu vyote, kodi za nyumba, sabuni, nauli, nguo. Maharage na mafuta, ambavyo ndivyo maisha yako, vilipanda kuliko wastani. Kwa nini, sijui. Na kwa nini kasi ya jumla imepungua pia sijui. Labda mavuno, labda mafuta ya magari, labda serikali ilifanya jambo zuri. Sisi tunapima tu, hatujui nani asifiwe.

Kwenye ripoti niliandika vizuri: "Kasi ya kupanda kwa bei imeshuka." Mkuu wa kitengo akasema ni ndefu kwa redio, nifupishe, waziri anasubiri. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, nasikia anavyopumua. Nikafuta maneno manne ya mwanzo. Ikabaki "bei imeshuka". Shangazi, hapo ndipo lugha iliponisaliti, au mimi nilipoisaliti. Kasi inashuka na bei inashuka, zote kwa "i" ileile, kwa hiyo sentensi ilibaki imesimama vizuri kabisa, haikuyumba popote. Kama ingevunjika ningeshtuka. Kisha nikaona "bei imeshuka" inasikika kama bei ya kitu kimoja, na kwa kuwa sisi tunapima vitu vingi, nikaongeza herufi z. Bei zimeshuka. Hiyo z hakuna aliyeniomba. Niliiongeza mwenyewe, kwa kutaka sarufi ikae sawa.

Mkuu akauliza, "Iko sawa?" Nikasema, "Iko sawa, mzee."

Jioni nilisikia redio ya fundi cherehani ikisema bei zimeshuka, na fundi akasema, "Zimeshukia wapi, nikazifuate?" Hapo nikaelewa nilichofanya. Kesho yake nilikwenda ofisini nimekusudia kusema. Nikakuta wananipigia makofi.

Kwa hiyo barua yako ya Machi iliponifikia, nilikuwa najua. Nilijua jibu ni hapana. Nilikuandikia maneno ya kweli yaliyopangwa ili usielewe. Nilijiambia barua inaweza kufunguliwa njiani, kwamba kiapo kinanizuia. Kiapo hakihusu taarifa iliyokwisha kutangazwa. Niliogopa meza ya dirishani isiende, basi, hakuna zaidi.

Nimekuwekea ripoti nzima humu. Si siri, inauzwa kwa yeyote. Ukurasa wa sita nimeupigia mstari: kasi ya kupanda kwa bei. Mwonyeshe mwenyekiti. Lakini barua hii, nakusihi, iunguze.

Mtoto wa kaka yako


6 Agosti

Wewe,

Nimepokea. Sikuiunguza, kuni nazinunua.

Yule mgombea nimemrudisha. Nilimweleza habari ya kasi na gunia, nikamwambia, kwa hiyo siwezi kusema ni uongo. Akasema hayo ni mambo ya shuleni, jukwaani hayapandi. Nikamwambia basi na mimi sipandi. Aliacha kofia mbili zenye picha yake. Jemadari anashikia sufuria za moto.

Ripoti nimempelekea mwenyekiti. Nimemfungulia ukurasa wa sita, nimemsomea. Akasema, "Mama, unataka niamini maandishi madogo ya ndani au niamini waziri?" Nikasema ni kitu kimoja. Akasema kama ni kitu kimoja mbona hakuna aliyesahihisha, miezi yote hii? Mwanangu, nilichukua ripoti yangu nikaondoka. Kwa sababu ameuliza swali la haki.

Hiyo z yako nimekusamehe siku ileile. Mtu anakosea akiwa amepumuliwa shingoni, hata mimi nimewahi kutia chumvi mara mbili mkaguzi akiwa mlangoni. Lakini barua ya Machi haijanitoka. Ile hukupumuliwa na mtu. Ulikaa na kalamu yako, ukanitazama nikielekea kusaini, ukanitakia kila la heri. Nilikuuliza ndiyo au hapana. Hapana ina herufi sita. Ungeniandikia hiyo moja tu, bila salamu, bila jina, ningeelewa.

Baba yako nimemwambia. Usikasirike, tunaishi nyumba moja. Ameizima redio, na sasa nakaa jioni nzima nikisikiliza mbu.

Sasa unaniomba niokoke kimya kimya, kwa ukurasa wa sita, huku wewe umefunikwa. Haitawezekana. Karatasi imeshindwa. Wanamtaka mtu. Ninachotaka ni uje ukae kwenye ile bodi, uwaambie: huyu ni shangazi yangu, hakuiba, mimi ndiye niliyeandika vibaya. Ukiona huwezi, niambie huwezi. Safari hii nijibu kwa lugha ninayoijua.

Shangazi yako, bado


15 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ndiyo. Nakuja.

Jumatatu niliingia kwa mkuu wa kitengo na sentensi mbili za kusahihisha, nimeziandika kwa mkono. Alizisoma, akavua miwani.

"Unataka kumfanya nini waziri?"

"Si waziri, mzee. Ni sentensi."

"Ikishapita mdomoni mwake si yako tena. Unataka arudi redioni aimeze?"

Nilimwambia kuna mpishi anaitwa mwizi kwa ajili yake. Akaniuliza mpishi huyo ni nani wangu. Sitaficha kwamba nilitafuta njia ya kutosema. Kisha nikasema ni shangazi yangu. Akasema, "Ahaa," kwa namna ambayo sasa nitaonekana ninatetea jamaa yangu. Labda ni kweli ninatetea jamaa yangu. Ningekuwa na moyo ningesema Februari, kabla sijajua ni nani ataumia.

Sahihisho limepokelewa na kugongwa mhuri. Halijatangazwa, na sijui kama litatangazwa. Meza ya dirishani ina mtu mwingine. Mimi nimehamishiwa stoo ya fomu za zamani, na ruhusa ya kusafiri nimeomba nikanyimwa.

Iko njia, lakini inahitaji bodi yenyewe. Taratibu zetu zinasema taasisi yoyote iliyotumia takwimu zetu ikiandika kuomba ufafanuzi, karani aliyeandaa maelezo lazima aruhusiwe kwenda kueleza. Mwenyekiti anataka kujua kwa nini hakuna aliyesahihisha. Mwambie aniite aniulize mwenyewe. Nitamjibu mbele yako, na hiyo ya Machi nitaisema pia, ili wajue kwamba uliuliza kabla ya kusaini na kwamba aliyekudanganya kwa ukimya ana jina na kazi.

Baba mwambie sitamwomba awashe redio. Nitakapofika nitakaa hapo nje na yeye, atakaponiuliza nitajibu.

Sasa andika haya mahali, kwa sababu ikikosewa barua itapotea. Wito uwe na mhuri wa shule na utaje tarehe ya kikao. Usitumwe kwa mkuu wa kitengo, atausahau kwenye droo. Utumwe kwa masjala, nakala yangu. Posta siku hizi inachelewa, heri aje mtu nao mkononi, Jemadari anafaa, ila aache upawa nyumbani. Aingie kwa lango la magari, si lango kubwa. Apite ukumbi wa wageni, ashuke ngazi mpaka chini kabisa, kuna harufu ya karatasi zilizolowa. Kabla ya hapo atakuta mlinzi mwenye daftari la majina. Jina langu halimo tena kwenye orodha ya ghorofa yoyote, akilitaja watamzungusha mchana kutwa. Aulize tu, "Zimeshuka yuko wapi?" Ndivyo ninavyoitwa humu ndani sasa. Mlinzi atamwonyesha mlango.